FLORENCE NIGHTINGALE NA KAZI ISIYOTAKWA NA WATU

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nami naongeza kwamba daktari mmoja hamponyi mgonjwa. Wasomaji wapenzi, ukiingia katika hospitali yoyote hapa kwetu utamwona daktari akipita na koti lake jeupe na kila mtu akimpisha njia. Anampima mgonjwa, anaandika dawa, anakwenda kwa mwingine. Lakini ni nani anayemgeuza yule mgonjwa ili asiote vidonda mgongoni? Ni nani anayemwosha, anayemlisha uji, anayebadilisha shuka, anayemwaga beseni, na anayekwenda mbio kumwita nesi akiona mgonjwa ameanza kuhema vibaya? Mara nyingi ni msaidizi wa wauguzi, yule mhudumu wa wodi ambaye hata jina lake hatuulizi.

Ukitaka kujua jinsi kazi hii inavyodharauliwa, waulize wanafunzi wa darasa lolote wangependa kuwa nini. Utasikia daktari, rubani, mwanasheria, mhandisi. Hutasikia mtu akisema ati anataka kuwa mhudumu wa wodi. Na akitokea wa kusema hivyo, darasa zima litaangua kicheko. Ndiyo sababu nimeona heri mwaka huu niwaletee katika gazeti letu maisha ya Florence Nightingale. Wengi wetu tunajua kwamba alibeba taa. Wachache wanajua habari za pipa, na pipa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, na wazazi wake Waingereza wakampa jina la mji huo. Hakuzaliwa katika umaskini, la hasha. Baba yake, William Nightingale, alikuwa tajiri mwenye nyumba mbili kubwa huko Uingereza, moja Derbyshire na nyingine Hampshire. Watumishi walikuwa tele. Baba huyo aliwafundisha binti zake wawili yeye mwenyewe: Kilatini, Kigiriki, historia na mengineyo. Florence alipenda zaidi hesabu, jambo ambalo mama yake hakulifurahia, kwani msichana wa tabaka lao alitakiwa ajue kukaribisha wageni na kungoja mchumba.

Mnamo Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, sawa na wengi wetu wa kidato cha tatu, Florence aliamini moyoni kwamba Mungu amemwita afanye kazi ya kuwasaidia watu. Hakujua ni kazi gani. Baadaye alianza kuwatembelea maskini waliokuwa wagonjwa vijijini karibu na kwao, na polepole akatambua kwamba moyo wake uko katika uuguzi. Mwaka wa 1845 aliwaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya mji wa Salisbury. Nyumba ilitikisika! Wazazi walikataa katakata.

Kabla hatujawalaumu wazazi hao, hebu tufahamu hospitali za siku hizo zilikuwaje. Wodi zilinuka. Wanawake waliowahudumia wagonjwa hawakufundishwa lolote, walilipwa mshahara wa kijungujiko, na wengi wao walisifika kwa ulevi na kwa kuwaibia wagonjwa. Mwandishi Charles Dickens aliwachora kwa dhihaka katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit, ambamo mna muuguzi mlevi aitwaye Sairey Gamp. Kwa hiyo, kwa mzazi wa wakati ule, binti kuwa muuguzi ilikuwa ni aibu isiyosemeka. Lakini Florence aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kazi yenyewe haikuwa chafu. Ilichafuliwa na mwenendo wa walioifanya, na kwa kukosa mafunzo.

Alingoja miaka mingi. Alikataa kuolewa na Bwana Richard Monckton Milnes, mtu mashuhuri aliyemposa kwa muda mrefu. Hatimaye mwaka wa 1851 alikwenda Kaiserswerth nchini Ujerumani, akajifunza kwa muda wa miezi mitatu katika hospitali ya mchungaji Theodor Fliedner. Huko aliosha wagonjwa, akafunga vidonda, akakesha na waliokuwa wakikata roho. Binti wa tajiri alishika matambara kama mtu mwingine yeyote! Mwaka wa 1853 alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Mojawapo ya mambo aliyoyadai ni maji ya moto yafikishwe kwa mabomba katika kila ghorofa, na kiwepo chombo cha kupandisha chakula juu kwa kamba. Kwa nini? Kwa sababu aligundua kwamba muuguzi anayeshinda akipanda na kushuka ngazi hawezi kukaa karibu na mgonjwa wake.

Basi mwaka wa 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia katika vita dhidi ya Urusi, vita vya Krimea. Wanajeshi Waingereza waliojeruhiwa au kuugua walivushwa kwa meli hadi Scutari, ng'ambo ya pili ya mji ambao leo unaitwa Istanbul, katika nchi ya Uturuki. Huko palikuwa na kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa hospitali. Gazeti la The Times lilipofichua mateso ya askari hao, wananchi walighadhabika. Waziri aliyehusika na mambo ya vita, Sidney Herbert, ambaye alikuwa rafiki wa Florence, alimwomba aende na kikosi cha wauguzi. Florence aliondoka Oktoba 1854 akiwa na wanawake 38. Baadhi yao walikuwa watawa, na wengine walikuwa wauguzi wa kuajiriwa kutoka hospitalini. Walifika tarehe 4 Novemba.

Kumbe madaktari wa jeshi hawakuwataka! Waliona wanawake hao kama wapelelezi waliotumwa kuwaharibia kazi. Hapa ndipo Florence alipoonyesha hekima ambayo kila msaidizi hospitalini angepaswa kuijua. Hakugombana nao. Aliwaamuru wauguzi wake wasimguse mgonjwa yeyote mpaka daktari awaombe. Wakakaa wakishona na kupanga vitambaa vya hospitali, huku sauti za wagonjwa zikiwafikia. Baadhi ya wauguzi walimchukia kwa hilo, wakaona hana huruma. Lakini siku si nyingi majeruhi wa vita vya Inkerman walimiminika kwa mamia, madaktari wakazidiwa, na wao wenyewe wakaja kuomba msaada. Tangu hapo kanuni ikawa wazi: hakuna muuguzi atakayempa mgonjwa hata chakula cha ziada bila amri ya daktari. Chakula kisichofaa chaweza kumwua mtu mwenye tumbo bovu, na msaidizi anayejifanya daktari ni hatari kuliko asiyekuwepo.

Hali ya Scutari ilikuwa ya kutisha. Wagonjwa walilala sakafuni katika varanda ndefu, wakiwa na nguo zilezile walizotoka nazo vitani, zimekauka damu na kujaa chawa. Panya walipita kati yao. Mabeseni hayakutosha, taulo hazikutosha, sabuni haikutosha. Wengi hawakuwa na majeraha ya risasi bali waliugua kuhara, kipindupindu na homa. Kwa kuwa vyoo vilikuwa vimeziba, katika wodi viliwekwa mapipa makubwa ya mbao ya kujisaidia. Kazi ya kuyamwaga ilikuwa ya wahudumu wa wodi, nao walikuwa askari wa kawaida waliopewa kazi hiyo bila mafunzo. Hakuna aliyetaka kuyagusa. Pipa likajaa, likashinda hapo, likalala hapo.

Sasa sikilizeni alilofanya bibi huyu. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba hakupiga kelele wala hakutukana. Alikwenda akasimama kando ya pipa. Akatulia tuli. Angeweza kusimama hapo hata saa nzima katika uvundo ule, bibi aliyelelewa katika majumba ya kifahari, mpaka wahudumu wakaona haya, wakaja, wakalibeba na kulimwaga. Kesho yake, vivyo hivyo. Wenzangu, huo si mchezo. Kumkaripia mtu ni rahisi, na kukimbia uvundo ni rahisi zaidi. Kusimama pale palipo na uchafu ili kazi ifanyike ndiyo kazi yenyewe.

Alinunua brashi za kusugulia sakafu, shuka, mashati na sabuni, kwa fedha zilizochangwa na wananchi na nyingine zake mwenyewe. Alikodi nyumba, akatia masufuria makubwa ya kuchemshia maji, akawaajiri wake wa askari wafue nguo. Alianzisha majiko ya kupikia chakula laini kwa wale wasioweza kutafuna. Usiku, wanawake wengine wote walitakiwa watoke wodini, naye akapita peke yake kitanda hadi kitanda na taa yake ya Kituruki. Alitunza heshima ya wauguzi wake kama mboni ya jicho, akijua kuwa mmoja akiharibu, jina la wote litaharibika. Waliopatikana na ulevi au utovu wa adabu alipanga warudishwe Uingereza bila kujali hospitali ilikuwa na upungufu wa watu.

Hata hivyo, lazima tuseme ukweli wote. Pamoja na juhudi hizo, vifo havikupungua katika majira yale ya baridi. Viliongezeka! Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walioingia, karibu 42 walikufa. Sababu ni kwamba jengo lenyewe lilisimama juu ya mitaro ya uchafu iliyoziba, na hewa na maji vilikuwa vimechafuka. Mnamo Machi iliwasili tume ya afya iliyotumwa na serikali, ikiwa na daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Hao walizibua mitaro, wakaondoa mizoga, wakapaka kuta chokaa. Kufikia Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi kama wawili katika kila 100. Baadaye, Florence alipokaa na kuzihesabu takwimu za vita hivyo, aliona wazi kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa kuliko waliouawa na majeraha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ukubwa wake ulipo. Hakudai kwamba upendo wake na taa yake vilitosha. Alitambua kuwa anayezibua mtaro, anayefua shuka, anayepika, anayeuguza na anayepasua, wote ni kundi moja, na mmoja akilegea mgonjwa ndiye anayelipa.

Wala si yeye pekee aliyejitolea. Mary Seacole, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika kutoka Jamaica, aliomba kwenda na wauguzi wa Uingereza akakataliwa. Hakufa moyo. Alijilipia nauli, akajenga nyumba ya mapumziko karibu na Balaclava mwaka wa 1855, akawauzia askari chakula na kuwatibu. Inafaa wanafunzi wa Kiafrika tumkumbuke naye pia, kwani historia ilimsahau kwa muda mrefu.

Florence mwenyewe aliugua vibaya Krimea mwezi wa Mei 1855, nusura afe. Alirudi kwao mwaka wa 1856 kimyakimya, akikwepa gwaride na shangwe zilizoandaliwa. Tangu hapo afya yake haikuwa njema tena, na kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa kitandani au chumbani. Lakini kalamu yake haikulala. Aliandika ripoti za kurekebisha hospitali za jeshi, akachora michoro ya rangi kuonyesha sababu za vifo ili hata wakubwa wasiopenda hesabu waelewe kwa kutazama tu. Mwaka wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Chama cha Takwimu cha Uingereza. Waona basi, wale wanaodai hesabu si za wasichana wana lao jambo!

Mwishoni mwa mwaka wa 1859 alitoa kitabu chake kidogo juu ya uuguzi. Hakikuandikiwa madaktari. Kiliandikiwa mtu yeyote anayemtunza mgonjwa, hata nyumbani. Humo alifundisha mambo ambayo wasaidizi wa wauguzi wanafundishwa mpaka leo. Fungua madirisha, hewa safi iingie. Nawa mikono mara kwa mara. Usimwamshe mgonjwa ghafla. Usinong'one mlangoni, kwa maana mgonjwa atadhani mnazungumzia kifo chake. Usisimame nyuma yake ukimsemesha, ukamfanya ajinyonge shingo kukutazama. Angalia amekula kiasi gani, amelala namna gani, rangi yake ikoje, kisha mweleze daktari kwa usahihi uliyoyaona, wala si uliyoyadhani. Na panga mambo ili hata wewe usipokuwepo, yaendelee kama ulivyokuwepo.

Zaidi ya hayo alisisitiza kwamba mtu wa kutunza wagonjwa lazima awe mwaminifu, asiwe mlevi, wala asiwe mmbeya. Hili la umbeya linanigusa. Mtaani kwetu yuko mama mmoja ambaye ni mhudumu wa wodi. Majirani humzingira jioni wakimwuliza nani amelazwa na ati anaugua nini. Yeye hucheka tu, akawaambia mwenye ugonjwa ndiye mwenye habari, kisha akaendelea kuchambua sukuma wiki yake. Wapo wanaomwona ana maringo. Mimi naona analinda heshima ya watu. Siri ya mgonjwa ikitoka wodini, kesho mgonjwa mwingine ataogopa kwenda hospitali, naye atafia nyumbani.

Mwaka wa 1860, kwa fedha walizochanga wananchi kwa heshima yake, ilifunguliwa Shule ya Nightingale katika hospitali ya St Thomas' mjini London, ikiwa na wanafunzi 15 wa kwanza. Walikaa mwaka mmoja chini ya msimamizi Bi. Sarah Wardroper. Kila mwezi msimamizi alijaza karatasi juu ya kila mwanafunzi. Karatasi hiyo haikuuliza tu kama anajua kufunga kidonda. Iliuliza pia kama anafika kwa wakati, kama ni mtulivu, kama anaaminika, kama ni msafi wa mwili na mavazi. Mwaka wa 1865 mhitimu mmoja, Agnes Jones, aliongoza wauguzi 12 kwenda katika hospitali ya maskini mjini Liverpool, ambako hapo awali wagonjwa walitunzwa na maskini wenzao wasiofunzwa. Agnes alifariki kwa homa mwaka wa 1868 akiwa kazini, lakini mfano wake ulienea.

Miaka ilikwenda, Florence akazeeka na macho yakafifia. Mwaka wa 1907 mfalme wa Uingereza alimtunukia nishani ya juu iitwayo Order of Merit, na hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Taifa lilitaka kumzika kwa fahari katika kanisa la Westminster Abbey pamoja na wafalme, lakini jamaa zake walikataa. Alizikwa kijijini East Wellow, Hampshire, na kaburini yakaandikwa herufi mbili za jina lake na tarehe zake za kuzaliwa na kufa tu. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, huadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Wauguzi. Na ulipozuka ugonjwa wa korona mwaka wa 2020, Waingereza walijenga hospitali za dharura wakaziita Nightingale. Sisi nasi huku Kenya tulikuwa tukifundishwa kunawa mikono, somo lile alilolisisitiza zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Ndugu wasomaji, tunajifunza nini? Kwanza, msaidizi wa wauguzi ana mipaka yake. Asitoe dawa ambayo hakuamriwa, na jambo lililomshinda aliseme mapema. Pili, ndani ya mipaka hiyo yeye ndiye jicho la wodi, maana daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, naye huwa naye kutwa kucha. Tatu, mwenendo wake ni sehemu ya dawa. Mgonjwa aliyeoshwa kwa heshima hupata nguvu, na aliyedhalilishwa huvunjika moyo. Nne, na hili ni letu sote, anayefanya kazi hiyo anastahili salamu, shukrani na mshahara wa haki. Madaktari na wauguzi wanaomsikiliza mhudumu wao watajua mapema mgonjwa anapozidiwa. Wanaomfokea watapata habari wakati maji yamekwisha kumwagika.

Mwakani wengi wetu tutaingia kidato cha nne, na baada ya mtihani baadhi yetu hatutapata alama za kusomea udaktari. Tafadhali tusiseme kwamba milango ya hospitali imefungwa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Yupo mgonjwa anayengoja kugeuzwa, kulishwa na kuoshwa, na pipa bado linahitaji mtu. Florence Nightingale, msomi na binti wa tajiri, hakuona haya kusimama kando yake. Sisi tuna nini hata tuone haya?